Hojaji 286 za benki moja hazijibu swali la faida

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu ya barua za wasomaji nizungumzie ekonometria inayofundishwa katika uzamili wa biashara, yaani ile stadi ya kutumia takwimu kujua kipi kimesababisha kipi: riba, bei, tangazo, tawi jipya, tozo. Msimu wa mahafali ukifika, Novemba na Desemba, maktaba hupokea tasnifu mpya, na nyingi zimefinyangwa kwa mkono mmoja. Kichwa ni "Mchango wa huduma za kidijitali katika ufanisi wa benki fulani". Ndani kuna hojaji ya ngazi 5, kutoka "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa", kanuni ya Yamane ya kupata idadi ya wahojiwa, programu ya takwimu ya SPSS, jedwali la rigresheni (hesabu inayopima jinsi kitu kimoja kinavyokwenda na kingine) lenye R mraba ya 0.7, yaani modeli inaeleza asilimia 70 ya tofauti za matokeo, na mwisho mapendekezo kwa menejimenti. Mwanafunzi ametoa jasho, amelipa ada, na swali lake bado liko palepale.

Tuanze na Yamane, kwa kuwa karibu kila sura ya tatu humtaja. Kanuni yasema: idadi ya watu wote igawe kwa 1 jumlisha idadi hiyohiyo mara mraba wa kosa linaloruhusiwa. Benki ikiwa na wafanyakazi 1,000 na kosa likiwa asilimia 5, unagawa 1,000 kwa 3.5 na kupata 286. Watu wakiwa 100,000 unapata 398 na ushei. Wakiwa milioni moja, 400. Kanuni hiyo ni halali kwa kazi yake, nayo ni kukadiria uwiano mmoja, kwa mfano wateja wangapi katika kila 100 hutumia benki ya simu, mradi umewachagua kwa bahati nasibu. Kuhusu uwezo wa rigresheni kuona athari, haisemi kitu.

Na kuna kosa kubwa kuliko hilo. Wale 286 wote ni wa benki moja. Benki hiyo ina mfumo mmoja wa kidijitali na faida moja kwa mwaka. Kwa swali la kama mfumo umeongeza faida, sampuli ni 1. Kinachotofautiana kwenye hojaji ni maoni, na mtu yuleyule ndiye anayejaza upande wa chanzo na upande wa matokeo, siku ileile, kwa kalamu ileile. Anayeipenda kazi yake hupandisha pande zote mbili. Aliyenyimwa likizo hushusha zote mbili. Rigresheni inaona uhusiano mzito, na ile R mraba ya 0.7 inakuwa kipimo cha jinsi watu wanavyojisikia kazini. Ndiyo maana matokeo ya aina hii karibu kila mara hutoka chanya na "yenye maana kitakwimu", yaani hayaelekei kuwa ya bahati tu.

Kisha hufuata vipimo vya desturi: VIF, kipimo cha vigeu vinavyofanana mno, iwe chini ya 10; alfa ya Cronbach, kipimo cha maswali ya hojaji kuafikiana, ivuke 0.7; mabaki, yaani makosa ya makadirio, yawe na umbo la kengele. Vina nafasi yake. Lakini hakuna hata kimoja kinachouliza lile ambalo mkurugenzi wa mikopo au mmiliki wa duka angetaka kujua: walioguswa na jambo hili unawalinganisha na nani, na kwa nini niamini kwamba bila jambo hilo wangeenda pamoja?

Swali hilo linaweza kufundishwa wiki ya kwanza kwa namba nne na kalamu. Tarehe 1 Aprili 1992 jimbo la New Jersey, Marekani, lilipandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Jirani yake Pennsylvania hakupandisha. David Card na Alan Krueger walikusanya taarifa za migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili, kabla na baada. Ukihesabu wafanyakazi wawili wa muda kama mmoja wa kudumu, wastani wa New Jersey ulikuwa 20.44 kabla na 21.03 baada, wa Pennsylvania 23.33 kabla na 21.17 baada. Upande mmoja umeongeza 0.59, mwingine umepunguza 2.16. Tofauti ya tofauti hizo ni 2.75, katika makala yao ya 1994 imeandikwa 2.76, kwa kuwa wao hawakukata desimali mapema. Vitabu vilitabiri ajira zingepungua.

Mwanafunzi aliyefanya hesabu hiyo kwa mkono anajua namba ya kompyuta inatoka wapi. Anajua pia kwamba yote yamesimama juu ya dhana moja, kuwa bila sheria New Jersey nayo ingeshuka kama Pennsylvania. Ubishi juu ya dhana hiyo na juu ya data zenyewe uliendelea miaka mingi, na Card alipopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021 kazi hii ilikuwa miongoni mwa sababu.

Kwetu Afrika Mashariki upo mfano ambao ningeufanya zoezi la lazima: ukomo wa riba nchini Kenya. Kuanzia tarehe 14 Septemba 2016 benki zilikatazwa kutoza mkopo zaidi ya pointi 4 za asilimia juu ya riba ya Benki Kuu. Riba hiyo ilipokuwa 10, ukomo ulikuwa 14. Sheria hiyohiyo iliagiza amana zenye riba zilipwe angalau asilimia 70 ya riba ya Benki Kuu, yaani 7. Ukomo wa riba za mikopo ulifutwa Novemba 2019. Je, ulipunguza mikopo?

Jibu la haraka ni kulinganisha kabla na baada. Halitoshi, maana miaka ile ilikuwa na mambo mengi, na sheria yenyewe ilibeba mabadiliko mawili kwa pamoja. Wazo la pili ni kutafuta benki ambazo hazikuguswa. Hazipo, sheria ilizishika zote siku moja. Wazo la tatu, ambalo mwanafunzi makini hulifikia mwenyewe, ni SACCOS, kwa sababu hazikuwa chini ya sheria ile. Hapo inafaa asimame kwanza. Mteja aliyekataliwa benki kwa sababu ya ukomo anaweza kubisha hodi SACCOS, na mikopo ya SACCOS ikapanda kwa sababu ya sheria ileile. Kundi linganishi limekwisha kuguswa kwa pembeni, na athari kwa benki itaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Kinachobaki ni kupima kina cha mguso. Benki iliyokuwa ikitoza wastani wa 14 au 15 haikubanwa sana. Iliyokuwa ikitoza 20 ilibanwa hasa. Kwa kila benki chukua riba ya wastani ya mwaka mmoja kabla ya sheria, toa 14, na pengo hilo ndilo kigeu chako, yaani kipimo cha chanzo. Kisha uliza: baada ya Septemba 2016, je, benki zenye pengo kubwa zilipunguza mikopo kuliko zenye pengo dogo? Pengo lipimwe kwa riba za kabla ya sheria tu. Ukichanganya za baada, umeweka matokeo ndani ya chanzo.

Hata hapo mtego upo. Agosti 2015 Dubai Bank, Oktoba 2015 Imperial Bank na Aprili 2016 Chase Bank zote ziliwekwa chini ya usimamizi. Wenye amana waliingiwa na hofu, fedha zikahama kutoka benki ndogo kwenda kubwa. Ikiwa benki ndogo ndizo zenye pengo kubwa la riba, basi zilikuwa zikishuka kabla sheria haijazaliwa, na asiyechora grafu ataibebesha sheria mzigo wa hofu. Mbele yake kuna uchaguzi wa Agosti 2017 na marudio yake ya tarehe 26 Oktoba, kisha kanuni mpya ya uhasibu, IFRS 9, iliyoanza tarehe 1 Januari 2018 na kubadili namna benki zinavyotenga fedha za hasara ya mikopo. Dawa ni kuanza angalau robo 8 za mwaka kabla ya sheria na kukadiria athari ya pengo kwa kila robo peke yake, robo ya pili ya 2016 ikiwa msingi. Namba za robo zilizotangulia zikicheza karibu na sifuri, una hoja. Zikiwa zimeshaanza kuteremka, dhana ya mwelekeo sambamba, kwamba bila sheria benki zote zingeenda pamoja, imevunjika, na tasnifu iseme hivyo waziwazi. Msimamizi asimwadhibu mwanafunzi kwa matokeo ya namna hiyo. Hiyo ni kazi nzuri.

Tozo ya miamala ya simu hapa Tanzania ina mitego ya aina hiyohiyo. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, wiki iliyofuata ikawa Idi el-Hajj, na Septemba viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30. Anayelinganisha Juni na Agosti anachanganya tozo, sikukuu na msimu wa mazao. Na akiinua Julai ya 2020 kuwa msingi, anakutana na mwaka wa korona.

Sasa data. Benki za Tanzania hutangaza hesabu za kila robo mwaka magazetini: mikopo, amana, mapato ya riba, mikopo chechefu. Benki 30 kwa miaka 10 ni mistari 1,200, kazi ya wiki chache kwa mtu mmoja mwenye subira. Kila mstari ni benki moja katika robo moja, na benki ipewe namba ya kudumu, kwa sababu majina hubadilika: Barclays imekuwa Absa, Benki ya Posta ikawa TPB kisha TCB. Kila ukimaliza benki, hakiki kwamba jumla ya mali inalingana na madeni jumlisha mtaji. Zisipolingana, umeandika tarakimu vibaya. Angalia kama hesabu ni za mamilioni au maelfu. Kosa linaloharibu tasnifu nyingi kimyakimya liko kwenye taarifa ya mapato, yenye safu ya robo husika na safu ya jumla tangu Januari. Anayechukua ya pili ataona mapato yakipanda kila robo na kuporomoka kila Januari, kisha ataandika kurasa kuhusu "msimu" ambao haupo.

Wengi pia huanza na orodha ya benki zilizopo leo kisha kurudi nyuma. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Njombe, Kagera na Meru. Ukiziacha nje, umepima afya ya walionusurika peke yao, na chochote unachokichunguza kitaonekana salama kuliko kilivyokuwa. Anza na benki zilizokuwapo mwaka wa kwanza, uzifuate hadi mwisho wao.

Kwenye hesabu zenyewe, makosa machache hurudi kila mwaka. Mikopo iwekwe kwenye logi (logarithmi asilia), ili benki kubwa isizimeze ndogo. Kizidishi, ile namba ya athari inayotolewa na rigresheni, kikiwa 0.05 husomwa kama asilimia 5 hivi; lakini 0.40 si asilimia 40, ni 49, na hasi 0.40 ni upungufu wa asilimia 33. Namba ikikua, tumia kikokotoo. Sifuri haina logi. Desturi ya kujumlisha 1 kabla ya kuchukua logi hubadili jibu kutegemea kama umeandika shilingi au milioni za shilingi, jambo ambalo kipimo chochote cha maana hakipaswi kufanya; kwa data zenye sifuri nyingi tumia modeli ya Poisson, inayokubali sifuri bila kuchukua logi yake.

Mistari miwili inayopanda pamoja hudanganya. Laini za simu zimepanda miaka 20, amana za benki zimepanda miaka 20. Rigresheni ya moja juu ya nyingine itatoa R mraba ya kutisha hata kama hazijuani. Mwanatakwimu George Udny Yule aliliona hilo mwaka 1926, wanauchumi Granger na Newbold wakaliweka wazi mwaka 1974, na bado linatetewa mbele ya watahini. Dalili yake ya kawaida ni R mraba iliyo kubwa kuliko kipimo cha Durbin na Watson, kinachoonyesha kama makosa ya makadirio yanafuatana kutoka kipindi hadi kipindi. Ondoa mfumuko wa bei kwanza, kisha tumia mabadiliko ya robo hadi robo badala ya viwango, au ukiwa na benki nyingi weka athari ya kila benki na ya kila robo mwaka ndani ya modeli. Athari ya benki hufyonza kila kisichobadilika, kama ukubwa wa jina na mji wa makao makuu. Athari ya robo hufyonza kilichowagusa wote pamoja, kama uchaguzi.

Kosa sanifu, kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba, nalo ni la kuangaliwa, maana ndilo linaloamua nyota za jedwalini, zile alama za "maana kitakwimu". Mistari 1,200 ya benki 30 haina taarifa 1,200 zinazojitegemea. Benki iliyofanya vizuri robo hii ina uwezekano mkubwa wa kufanya vizuri robo ijayo. Mwaka 2004 Marianne Bertrand, Esther Duflo na Sendhil Mullainathan walibuni sheria za uongo, wakazipachika kwa bahati nasibu kwenye data za mishahara ya wanawake katika majimbo ya Marekani, wakapima athari zake kwa njia ya mazoea. Hadi asilimia 45 ya sheria hizo hewa zilitoa athari "yenye maana" pale ambapo ilitarajiwa asilimia 5 tu. Kosa sanifu lihesabiwe kwa makundi, kundi likiwa benki. Makundi yakiwa chini ya 40 hivi, njia hiyo nayo hulegea na kutoa nyota za bure, hivyo ongeza kipimo cha butistrapu ya makundi, yaani kurudia hesabu mara nyingi kwa sampuli zinazoundwa upya kutoka data zilezile. Kifurushi cha fixest katika programu ya R hufanya hesabu ya makundi kwa mstari mmoja wa maagizo, na R ni bure. Stata ni nzuri lakini leseni yake ni ghali. Mwanafunzi asizuiliwe na hilo.

Kuna pia tabia ya kurundika vigeu vya udhibiti, yaani vitu vinavyoshikiliwa visibadilike katika ulinganisho; kila kinachopatikana kinatiwa. Ukitaka kujua kama mafunzo ya mkopo yaliongeza mauzo ya duka, kisha ukadhibiti idadi ya wafanyakazi, umekata njia ambayo mafunzo yalipitia, maana pengine mwenye duka aliajiri kwa sababu ya mafunzo yenyewe. Dhibiti kilichokuwapo kabla. Kilichozaliwa na jambo unalolipima kiache.

Wanafunzi wengi wa uzamili ni waajiriwa, na hapo wana hazina ambayo hojaji haiigusi: kumbukumbu za mauzo, za stoo, za mawakala. Kampuni ikitaka kujaribu bango jipya kwa mawakala wake, igawe mawakala kwa bahati nasibu, nusu wapewe na nusu wasubiri miezi mitatu. Ukubwa wa sampuli hauamuliwi na Yamane. Kwa kila kundi gawanya mchepuko sanifu, kipimo cha mtawanyiko wa namba, kwa tofauti unayotaka kuiona, chukua mraba wa jibu, kisha zidisha kwa 16. Miamala ya siku ya wakala ikiwa na mchepuko wa shilingi 400,000 na unataka kuona ongezeko la 50,000, 400 gawanya kwa 50 ni 8, mraba wake 64, mara 16 ni mawakala 1,024 kila upande. Ikiwa unao 60, jua mapema kwamba hutaona kitu, au tumia wastani wa siku nyingi na mauzo ya kabla ya bango ili kupunguza mchepuko. Na majina na namba za simu za wateja ziondolewe kabla faili halijatoka ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023.

Vyuo vinaweza kubadili haya bila kununua chochote. Nusu ya kwanza ya muhula itumike kurudia jedwali moja la utafiti uliochapishwa ambao data zake ziko wazi, mwanafunzi afikie namba ileile hadi desimali ya pili. Wengi watakwama kwenye kuunganisha mafaili, na huko ndiko kujifunza kuliko. Pendekezo la tasnifu lisipitishwe mpaka liseme kwa sentensi moja nani analinganishwa na nani. Na siku ya kuwasilisha, mwanafunzi akabidhi faili ghafi lisiloguswa pamoja na faili moja la maagizo linalotoka data ghafi hadi jedwali la mwisho. Mtahini alibonyeze, namba zitoke. Namba zisipotoka, tasnifu irudi.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Hesabu za benki zinazopita kwenye kurasa zako kila robo mwaka ni data adimu, na nakala za picha kwenye mtandao mara nyingi zina ukungu kiasi kwamba 3 haitofautiki na 8. Gazeti likihifadhi kurasa hizo katika faili za PDF ambazo maandishi yake yanaweza kunakiliwa, zikapangwa kwa mwaka na robo, mwanafunzi wa Mtwara au Kigoma ataweza kufanya zoezi lilelile na wa Dar es Salaam.

Msomaji wako,
Mwalimu wa takwimu za biashara,
Dar es Salaam